Ndege ndogo ilipita chini yetu tukitoka Wilson. Marubani huwa wanaonana kweli?

DadaWaLangata

Wadau habari zenu. Naomba mnisomee mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa kifuani wiki ya pili sasa na nyumbani nikiligusia naambiwa naogopa bure.

Nilikuwa natoka uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi naenda Ukunda, ule uwanja wa Diani, asubuhi, ndege ya abiria ile ya propela mbili, nimekaa dirishani upande wa kushoto. Tumepaa tukaingia juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mikanda bado tumefunga, ndege ikaanza kulalia upande wangu ikikata kona na mimi macho yako chini natafuta twiga kama kawaida yangu, mara naona ndege ndogo nyeupe hapo chini yetu. Si mbali jameni. Niliona mgongo wa mabawa yake, nikaona mstari mwekundu kwa mkia, na kivuli chake kinakimbia kwa nyasi pembeni yake. Nikahesabu moja, mbili, tatu, ikapotea chini ya tumbo la ndege yetu. Hakuna aliyesema kitu. Mzee aliyekuwa kando yangu alikuwa anasoma gazeti na akaendelea kusoma.

Wengi hapa mnakumbuka tarehe 5 Machi 2024. Dash 8, ndege ya abiria ya propela mbili, imetoka Wilson inaenda Diani na watu 44 ndani, ikagongana na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ya mafunzo juu ya hiyo hiyo mbuga. Dash 8 ikarudi Wilson salama, lakini mwanafunzi na mwalimu wake kwa ile Cessna hawakurudi. Safari ile ile, upande ule ule. Ndiyo maana mkono ulinitetemeka mpaka tunatua Ukunda.

Halafu kuna hili lingine. Kitinda mimba wetu anasomea urubani hapo hapo Wilson, yuko hewani karibu kila wiki na hizo ndege ndogo. Kwa hiyo mimi siku ile nilikuwa kwa ndege kubwa naangalia chini, na akili inaniambia huyo wa chini anaweza kuwa ni yeye.

Nauliza tu watu wanaojua: rubani wetu aliiona ile ndege? Kama hakuiona, kuna mashine inamwambia? Na yule wa chini alijua sisi tuko juu yake?

Mzito_SouthC

Pole sana dada. Mimi nimekaa South C tangu mtoto, hizo ndege zinapita juu ya bati letu kutwa, ukizoea husikii tena. Nilivyoambiwa na jamaa wa huko ni kwamba hewani hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia, kwa hiyo kitu kilicho mbali mita mia mbili mia tatu unaona kama unaweza kukishika. Mnara wa kuongozea ndege unawaona wote. Usijitie presha, muombee tu mdogo wako.

Instrakta_Lami14

Mzito hapo kwa umbali kuonekana mdogo uko sawa, lakini hapo kwa "mnara unawaona wote" naomba nikukatize kidogo kaka, kwa sababu hayo ndiyo maneno yanayofanya mwanafunzi alale usingizi akiwa juu.

Dada, mimi nafundisha kurusha ndege ndogo, miaka kumi na kitu sasa, kwa hiyo nitakujibu kutoka kile kiti cha kulia cha mwalimu. Siku yako siwezi kujua ilikuwaje, huenda mnara ulikuwa umeshamwambia kila mmoja habari za mwenzake na yule wa chini alikuwa amewatazama tangu mnaanza kukimbia kwa lami. Ndege ndogo inayoruka kwa macho na ile ya abiria zinaweza kupishana kwa futi 500, hiyo ni mita 150 hivi, na iwe ni utaratibu wa kawaida kabisa. Kwa abiria wa dirishani mita 150 inatisha.

Lakini umeuliza kama tunaonana. Jibu la ukweli ni kwamba mara nyingi ndiyo, na mara nyingine hapana hata tukiwa tunatazama.

Kitu cha kwanza ninachomfundisha mwanafunzi, kabla hata hatujawasha injini, ni hiki. Ndege itakayokupita utaiona inasonga kwa kioo, inatoka kushoto inaenda kulia ama inapanda inashuka. Ile itakayokugonga haisongi. Inakaa pale pale kwa kioo kama mdudu aliyegandia hapo, kadoa tu, na haikui, haikui, haikui, mpaka zile sekunde za mwisho ndiyo inafura kwa ghafla. Na jicho la binadamu limeumbwa kushika kitu kinachosonga, kitu kilichotulia linakiruka. Manahodha baharini wanaijua sana hii, chombo ambacho kiko upande ule ule kila ukikitazama na kinazidi kukaribia, huyo mnakutana naye.

Sasa chukua hesabu. Kuanzia jicho linashika kadoa, akili inatambua ni ndege, inajua inakuja kwangu, inaamua, mkono unavuta, ndege yenyewe inaitika, vitabu vyetu vinasema ni kama sekunde 12 na nusu. Ndege ya abiria inayopanda kwa noti 200 (noti ni kipimo chetu cha mwendo, hiyo ni kama kilomita 370 kwa saa) na Cessna kwa noti 90 zikikutana uso kwa uso, hizo sekunde 12 na nusu zinameza karibu kilomita mbili. Maana yake kama hujaiona ikiwa bado kilomita mbili umechelewa, na Cessna ikikuelekea kwa pua kutoka kilomita mbili ni kitu kama uzi.

Halafu ndege zenyewe zinaziba. Cessna 172 bawa liko juu ya kichwa, ukilalia kushoto bawa la kushoto linashuka na linakuziba macho upande ule ule unaoenda. Ndege ya abiria ikipanda inainua pua, na chochote kilicho mbele chini ya pua rubani hakioni. Kwa hiyo mmoja anageuka bawa limemziba na mwingine anapanda pua imemziba, wote wawili ni watu makini na hakuna aliyemwona mwenzake. Nimesikia watu wengi baada ya 2024 wakisema "kwani hawakuwa wanaangalia?" na kila mara naumia. Macho ni lazima, lakini ukiyategemea peke yake ipo siku hayatatosha.

Ongeza na jua. Wilson kuna njia mbili za kurukia, moja inaelekea karibu mashariki, na saa moja saa mbili asubuhi ukipaa kwa hiyo unaingia ndani ya jua lenyewe, kioo chote kinakuwa maziwa. Na saa hizo ndizo Caravan, zile ndege ndogo za abiria, za Mara zinatoka, za miraa zinatoka, na shule nazo zinataka hewa ya asubuhi kwa sababu imetulia na injini inavuta vizuri. Sisi tuko futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, ndege ndogo ikifika saa sita na joto inapanda kwa kusukumwa. Kwa hiyo wote tunarundikana saa zile zile.

Fundi_wa_Hanga

Mwalimu ameeleza ya macho, wacha nieleze ya mashine maana ndiyo kazi yangu, avioniki, yaani vifaa vya umeme na redio vya ndege.

Ndege za abiria za ukubwa ule uliopanda dada zina kitu kinaitwa TCAS, sisi tunaitamka tikasi. Sheria ya kimataifa inaitaka kwa ndege za injini za tabaini zinazozidi kilo 5,700 ama zinazobeba abiria zaidi ya 19. Inafanya kazi hivi: inapiga swali hewani, na ndege yoyote iliyo karibu yenye transponda, kifaa cha redio kinachojibu maswali hayo, inajibu, na kutoka kwa lile jibu inapima umbali na kimo. Mambo yakikaribia kuharibika, kama sekunde 40 kabla, sauti inasema "trafiki, trafiki" ili rubani atafute kwa macho. Ikizidi kukaribia, kama sekunde 25, inatoa amri, panda ama shuka, na rubani anatakiwa atii hapo hapo. Kama ndege zote mbili zinayo zinaongea zenyewe kwa zenyewe, hii inaambiwa panda na ile inaambiwa shuka.

Sasa yashike haya matatu. La kwanza, tikasi inaona tu anayejibu. Transponda ya yule mwingine ikiwa imezimwa, imekufa ama imeachwa kwa stendibai (ina umeme lakini haijibu), kwa tikasi hiyo ndege haipo kabisa duniani. La pili, transponda ikijibu bila kusema kimo, tikasi itajua kuna mtu lakini haiwezi kutoa amri, itapandaje na haijui mwenzake yuko juu ama chini. La tatu, na hili watu wengi hawalijui, ukiwa chini ya kama futi 1,000 kutoka ardhini tikasi inaacha kutoa hizo amri, kwa sababu ikikwambia shuka hapo utashukia wapi. Na futi 1,000 ndiyo kimo cha kawaida ambacho ndege za mafunzo zinazungukia uwanja. Yaani pale pale msongamano ulipo ndipo mashine inapobaki na "trafiki, trafiki" tu, na ukizidi kushuka hata hiyo inanyamaza.

Cessna ya mdogo wako yenyewe haina tikasi, ni ndege ya kilo 1,100 na kidogo. Lakini transponda yake ndiyo macho ya ile kubwa. Muulize anaiwasha lini na anahakikisha vipi kwamba inatoa kimo. Sisemi hivi kumtisha. Mimi nimeletewa ndege hanga nikaipima nikakuta transponda inataja kimo kilichopungua futi mia tatu na rubani anasema "lakini taa yake inawaka". Taa kuwaka haimaanishi inasema ukweli. Ile siku sikumruhusu aondoke, alinikasirikia sana, na ningerudia tena.

Muone kisa cha Brazil tarehe 29 Septemba 2006. Jeti ndogo ya kibinafsi, Legacy, inasafiri futi 37,000 juu ya Amazon, transponda yake ikawa haifanyi kazi na marubani hawakujua. Kwa hiyo hata tikasi yao ikawa imelala. Boeing 737 ya abiria ikaja kimo hicho hicho kutoka mbele. Ncha ya bawa la Legacy ikakata bawa la kushoto la 737. Watu 154 wa 737 wakafa wote, na Legacy na watu wake 7 ikatua kwa kambi ya jeshi. Ndege mbili za kisasa kabisa, mchana, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Mzito_SouthC

Nimesoma nikanyamaza. Narudisha maneno yangu ya mnara, sikujua. Sasa Fundi mimi nina ile programu ya simu ya kufuata ndege, huwa nasimama kwa balkoni naona ndege na macho yangu lakini kwa simu haipo. Ndiyo hizo zimezima?

Fundi_wa_Hanga

Si lazima iwe imezima kaka. Hiyo programu inategemea zaidi ndege inayotangaza mahali ilipo yenyewe, ADS-B, na kuna ndege za zamani zina transponda ya kawaida inayojibu rada na tikasi vizuri lakini haitangazi. Usimshtaki mtu kwa hiyo simu.

Mzee_wa_Mnara

Wanangu, shikamoo zenu mnadaiwa, lakini nitawasamehe kwa kuwa mnaongea mambo ya maana.

Mimi niliongoza ndege maisha yangu yote ya kazi, nimestaafu. Binti, naomba nikueleze upande ambao hawa vijana wawili hawajagusa, nao ni neno moja, "nimeiona".

Mnara unamwambia rubani kuna ndege mbele yako upande fulani, kimo fulani. Rubani akijibu nimeiona, kontrola, yaani muongozaji wa ndege, anamwachia, anageukia wengine, maana kuanzia hapo kukwepa ni juu ya rubani. Hilo neno ni zito sana. San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1978, Boeing 727 inashuka kutua, wakaambiwa kuna Cessna 172 mbele yao, wakasema wameiona. Kisha ikawapotea. Wakaanza kuulizana wenyewe mle ndani kama wameshaipita, wakakubaliana kwamba imepita. Ilikuwa chini yao, mbele kidogo, inaenda njia moja na wao, na nayo ilikuwa imeacha mwelekeo iliopewa. Kengele ya kompyuta ya waongozaji ililia sekunde 19 kabla, lakini kengele hiyo ilikuwa inalia kila siku bila sababu, na marubani si walishasema wanaiona. Watu 144 wakafa, 7 kati yao walikuwa chini majumbani kwao.

Kwa hiyo nilikuwa nawaambia vijana wangu wa mnarani, na nilikuwa nawaambia marubani wakija kunywa chai kwetu: ukiipoteza, sema umeipoteza. Hakuna aibu. Aibu inaua. Kijana mmoja mwanafunzi aliwahi kunipigia redioni kwa sauti inayotetemeka, "mnara, nimempoteza aliye mbele", na uwanja umejaa. Nikamgeuza nje ya mzunguko, nikasimamisha aliyekuwa tayari kupaa, watu wakachelewa dakika nne, rubani mmoja mkubwa akanung'unika hewani. Jioni nilitembea kwa miguu hadi shuleni kwao nikamtafuta yule mtoto nikampa mkono.

Tikasi nayo ikizungumza, mtii tikasi, usimtii kontrola. Nasema hivi nikiwa kontrola. Tarehe 1 Julai 2002 juu ya Überlingen, Ujerumani, Tupolev iliambiwa na mashine panda, ikaambiwa na kontrola shuka. Kontrola alikuwa peke yake zamu ya usiku, hakuwa anajua mashine imesema nini. Wakashuka. Na ile Boeing 757 ya mizigo ilikuwa imeambiwa na mashine yake ishuke, ikashuka. Watu 71, wengi wao watoto wa shule wanaenda likizo. Baada ya hapo sheria za dunia zikaandikwa wazi kwamba amri ya tikasi ndiyo inafuatwa.

Wewe uliyekuwa dirishani hukuogopa bure. Aliyekwambia hivyo nyumbani ana nia njema lakini hajui.

Instrakta_Lami14

Shikamoo mzee. Hiyo ya dakika nne nitaipeleka darasani.

Mzito_SouthC

Shikamoo mzee. Swali langu la mwisho, kwa nini shule zote zisihamishwe Wilson ziende mashambani huko, ndege za abiria zibaki peke yake?

Instrakta_Lami14

Swali zuri na wengi wanauliza. Baadhi ya mazoezi huwa tunayafanyia viwanja vya nje, kuna Orly kule Kajiado, na mimi ningependa yale ya kugusa lami na kupaa tena mara kumi yaende huko zaidi. Lakini kila dakika ya kwenda na kurudi mwanafunzi anailipia mafuta, kuna wazazi wameuza shamba kwa ajili ya masaa ya mtoto. Na kuna la pili, huyu huyu mwanafunzi kesho ndiye atakuwa rubani wa hiyo Caravan na hiyo Dash 8, akilelewa uwanja mtupu atajifunzia msongamano wapi, akiwa na abiria nyuma? Mimi naona tupange saa. Ile saa moja mpaka saa tatu asubuhi mzunguko wa Wilson uachiwe wanaoenda safari, shule ziingie baadaye au ziende nje. Tutapoteza hewa nzuri ya asubuhi, najua, na mafuta. Nimelisema hili vikaoni na nitaendelea kulisema.

DadaWaLangata

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimesoma haya majibu mara tatu, moja nikiwa kwa matatu nikapitishwa stage.

Jumapili mdogo wangu alikuja chakula. Sikumwambia ya siku ile kwanza, nilimuuliza tu, ukiona ndege na haisongi kwa kioo unafanyaje? Akaacha kutafuna akaniangalia. Akasema "nani amekufundisha hiyo?" Halafu akachukua sahani ya chapati, chapati tukaziweka kwa kifuniko, akaishika mbele ya uso akailaza kushoto akaniambia angalia, sasa nimekupoteza wewe, niko na sahani tu. Kisha akairudisha, akainua kwanza ule upande wa kushoto juu, akachungulia chini yake, akatazama mbele, akatazama nyuma mpaka shingo ikagoma, ndiyo akailaza tena. Akasema kila kona anafanya hivyo na mwalimu wake akimwona amesahau anamrudisha chini. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi anatazama hiyo sahani, hakusema kitu.

Nikamuuliza ya transponda kama Fundi alivyosema. Anaiwasha kabla ya kuingia njia ya kurukia na anauliza mnara kama wanamwona na kwa kimo gani. Hiyo ya kuuliza kimo alisema kwa ukweli kwamba si kila mara. Nimemwomba iwe kila mara, amekubali.

Ndipo nikamweleza ya kwangu, mstari mwekundu, kivuli, nikahesabu moja mbili tatu. Akauliza siku gani, saa ngapi. Nikamwambia. Akatoa simu akafungua kile kitabu chake cha masaa, huwa anakipiga picha na kukitunza hivyo, akashuka na kidole mpaka tarehe ile. Hakuruka siku hiyo, alikuwa darasani.

Mwalimu, zamu yake ya kawaida ni saa moja na nusu asubuhi. Kesho anaenda kuomba abadilishiwe iwe saa nne.